Kilichokuwa Kwenye Droo ya Cherehani

4 Mei

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko kambini? Bado mnapasua mawe na kuyauliza umri wao?

Sisi tunaendelea, ila nina swali kwako, mtu wa mawe. Kwenye vyuma chakavu nilikuta kitu kidogo kama kidole cha mwisho, kinang'aa sana, kimeungwa na kipande cha waya. Nikakitia mfukoni. Mama yako akakipenda, akakiweka kwenye droo ya cherehani. Tangu siku zile paja langu, pale penye mfuko, limebabuka kama nimekalia pasi. Dawa ya kupaka haisaidii. Mama yako anasema ni viwavi, ananicheka, ingawa naye siku hizi chakula hakikai tumboni.

Je, ni fedha?

Baba yako

7 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza hali.

Huku hakuna mtandao, kwa hiyo dereva wa lori akifika penye simu atawapigia watu wa mionzi kabla hajakuletea karatasi hii. Tokeni ndani, wewe na mama, sasa hivi. Usikiguse. Usirudi kuchukua chochote.

Si fedha. Nadhani ni kile wanachopigia picha ndani ya maungio ya mabomba, kuona kama yana nyufa. Kinatoa mionzi. Huioni wala huisikii, nayo inaunguza hadi ndani.

Hata mawe yangu yanatoa mionzi, lakini polepole mno. Urani iliyomo humo huchukua miaka bilioni nne na nusu ili nusu yake igeuke kitu kingine. Hicho chenu, kama ndicho, nusu yake huisha kwa siku sabini na nne. Usifurahi, baba. Kinachoisha haraka ndicho kinachotema kwa fujo.

Kimekaa kwenye droo tangu lini?

Mwanao

13 Mei

Mwanangu,

Tumepokea, nasi tuko hospitali. Walikuja na kifaa kinacholia. Kilianza kulia getini. Kufika kwenye cherehani, aliyeshika kifaa alitoka mbio, mtu mzima na mavazi yake yote ya kinga. Kile kitu wamekichukua kwa koleo refu.

Mimi nimelazwa kwa ajili ya paja. Mama yako yuko wodi ya wanawake, wanampima damu asubuhi na jioni.

Mfukoni kilikaa siku ile moja tu. Kwenye droo kiliingia wiki uliyoondoka kwenda huko, mwisho wa Februari. Lakini wapimaji wanasema nguvu yake imeshapungua sana. Si afadhali hiyo?

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Mpe mama pole pia.

Si afadhali. Ni hesabu ile ile ninayofanyia mwamba: napima kilichobaki, kisha narudi nyuma. Kama leo imebaki nusu, siku kilipoingia nyumbani kilikuwa na nguvu maradufu, na mama alikuwa amekaa mbele yake.

Nahitaji kujua alikuwa akikaa kwenye cherehani saa ngapi kwa siku. Usimwambie kwa nini unauliza.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Nimemuuliza kwa mzaha. Akasema, "Tangu lini umekuwa bosi wangu?" Kisha akajibu: saa nane, siku nyingine tisa, maana alikuwa na sare za shule nzima. Jumapili hashoni. Droo inamgusa goti.

Madaktari wananizungusha maneno. Wewe niletee jibu, hata likiwa baya. Mimi ni mtu wa vyuma, nimezoea kubeba vizito.

Baba yako

24 Mei

Mwanangu,

Lori limefika bila barua yako. Nilimwambia dereva atafute vizuri. Akasema, "Mzee, hakuandika. Ameomba ruhusa, nirudi nikamchukue. Anasema hiyo ya hesabu atakuja kuisema mwenyewe."

Basi nimeelewa. Sitauliza tena.

Nampa dereva barua hii uisome njiani. Nywele za mama yako zimeanza kutoka. Amejifunga kitambaa, anasingizia sabuni ya hospitali, na mimi nimekubali ni sabuni. Ukifika usije kwangu kwanza. Nenda kwake, ingia unacheka, kaa upande wa dirishani, ndiko anakoweza kugeukia.

Akikuuliza hicho kitu ni nini, mwambie unavyojua. Akikuuliza mengine, niite. Naweza kutembea kidogo nikishika ukuta.

Baba yako