Vigelegele vya Msibani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimepata! Mimi Elieshi, mtunza wazee wa Thornton Heath, hapa London, Jumamosi niko kwenye televisheni. Kipindi kile cha vichekesho na muziki — wanachekesha, mwimbaji anaimba, wanachekesha tena. Mubashara! Nina sentensi mbili. Miaka mitatu nimekuwa mtu wa kupita tu nyuma ya waigizaji, mara na mkoba, mara na mwavuli. Binti yangu Aikande kapiga kelele: "Mum, no way!" Way ipo, mwanangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mazoezi, Wembley. Skripti imenikata maini. Ni mazishi: jeneza linaingia, mimi mjane napiga vigelegele, Waingereza wanashtuka kwenye viti. Hapo ndipo watu wacheke.

Vigelegele! Msibani!

Nikamuuliza Keyur, aliyeandika. Kazaliwa hapahapa, ila mama yake ni Mhindi wa Mwanza. Kaviona kwenye mkanda wa harusi ya wazazi wake, majirani wakipiga. Akadhani Waafrika tunapiga popote penye watu wengi. Nikamweleza: ni vya harusi, mtoto akizaliwa, mtu akifaulu. Msibani tunalia. Akasema anti, ni komedi tu, nani atajua?

Mimi nitajua! Februari mama kazikwa Machame. Nilimlilia kwenye simu, kituo cha basi, na yunifomu ya kazi. Leo nimshangilie?

Alhamisi, 9 Oktoba
Dairekta kapiga simu. Mpole — wapole ndio wabaya. Ama nipige, ama sentensi zangu apewe mwingine. Nikasema sipigi. Kisha nimelia, sifichi. Nilizitaka sentensi zile.

Aikande kaniambia, "It's just a noise, Mum." Noise! Siku aliyozaliwa, hapo Croydon, bibi yake alipiga vigelegele simuni mpaka nesi akaja mbio kuuliza kuna nini. Nimemsimulia. Kakumbatia mto.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamempa Wambui! Mkenya, tuko naye kazini, na ni mimi niliyemwingiza kwenye mambo haya. Hata simu hajapiga. Sawa. Mimi nimebakizwa mfiwa wa benchi la nyuma, bila neno. Nitakwenda. Wasidhani nimekimbia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Chumba cha kuvalia. Wanawake saba, nguo nyeusi. Daftari liko gotini. Mwimbaji yuko jukwaani, ukuta unatikisika. Baada yake ni sisi.

Wambui kaja kukaa karibu yangu. Haniangalii. Mara: "Elieshi, mimi siwezi. Shosho, bibi yangu, atafufuka anichape!" Tumecheka mpaka wanja umechuruzika. Akauliza sasa tufanye nini. Nikamwambia tulie. Kilio chenyewe, cha nyumbani. Wale watano wamesikia — wote wanatoka kwetu kwetu — wamekubali. Kipindi ni mubashara, nani atatukata?

Keyur kachungulia, kauliza tuko tayari. Nikamwambia tayari sana, mwanangu.

Muziki umekoma. Tunaitwa. Wambui kanishika mkono. Aikande yuko nyumbani, kakaa mbele ya TV.

Wakitaka vigelegele, wasubiri nimwoze binti yangu.