Ukitajwa, Unasimama

Mdogo wangu,

Mashabiki wako wamenichosha. Nalisema hili kabla hata ya salamu, kwa sababu wewe ndiye uliyewadekeza, halafu ukaenda zako kupumzika ukaniachia mimi.

Wiki hii peke yake nimepokea wazee wawili wa Ringwani waliokuja na jogoo. Nimepimwa presha na nesi wa hapa Morotonga ambaye, kabla hajasoma namba, aliuliza yeye yuko sura ya ngapi. Na kuna mama mmoja wa Sirari, kule mpakani, amepiga simu mara sita. "Sasa mzee, hiyo kitabu inatoka lini? Na jina yangu iko?" Nikamjibu kwamba kitabu hakijaisha. Akasema sawa, hakuna haraka, akapiga tena jioni.

Chanzo cha yote haya ni Mwalimu Kapinga. Wewe hukumjua, alihamishiwa hapa kutoka Songea baada ya msiba wako, akapanga kile chumba chetu cha uani. Siku moja alinisikia nikilalamika kwamba watu wanakugeuza hadithi, kila mtu na uongo wake, na kwamba ingefaa mtu aandike ukweli kabla haujapotea. Nilisema tu, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Yeye akaenda kuchukua kompyuta yake. Tangu hapo kila Jumamosi mimi nasema, yeye anachapa. Hilo lingekuwa jambo jema kama asingeandika kwenye lile kundi la mashabiki wako la simu kwamba mpiga dramu wa Spika anaandika kitabu kuhusu mdogo wake. Amani yangu iliishia hapo.

Spika ndilo jina ulilobaki nalo kwao. Wanasema ule mngurumo wa muziki wetu uliutafuta kwa akili nyingi, ukasomea, eti ndiyo roki ya Kikurya. Mimi nakumbuka vizuri. Ulichukua iritungu la babu, lile zeze letu la nyuzi nane, ukafunga ndani yake kile kidude cha kusikilizia cha simu ya mezani iliyokufa, ukaunganisha na spika uliyoiokota nyuma ya duka la fundi redio. Spika ilikuwa imechanika. Tukaiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli na gundi ya pancha, na gundi haikushika vizuri. Ulipogusa uzi wa kwanza, ng'ombe wote wa jirani wakainua vichwa. Mimi nikasema izime. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema, "Mkubwa, piga pipa."

Nikapiga pipa. Nilipiga pipa mpaka tulipopata dramu za kweli, zile za kwaya iliyokuwa inanunua mpya, nikapiga hizo miaka ishirini na kitu, mgongo ukapinda. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunijia na jogoo.

Hayo nilishayazoea, mpiga dramu ni mtu wa nyuma. Kinachonimaliza ni kwamba watu wako hawajui tofauti ya kitabu na wimbo. Ulikuwa na ile tabia yako ya kusimamisha wimbo katikati na kuanza kutaja watu. Fulani wa Nata, fulani wa Nyamongo, mke wa fulani, mwenye jenereta. Na kila aliyetajwa alijua wajibu wake: unasimama, unakuja mbele, unacheza kidogo watu wakuone. Kama hayupo, mtu wa nyumba yake anasimama badala yake na kujibu "Yupo," na wimbo unaendelea. Sasa wanadhani kitabu nacho kitakuwa hivyo. Wanakuja kwangu na majina yameandikwa kwenye karatasi za daftari, wengine na ukoo mzima. Nawaambia kitabu hakisimamishwi katikati ili kusalimia watu. Wananiangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye sijui kitabu ni nini.

Masanja ndiye kiboko yao. Unamkumbuka, yule Msukuma wa kuchimba dhahabu Kewanja, mwenye simu kubwa. Alifika Alhamisi na begi, akasema amekuja kutoa ushahidi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nikampa kweli. Akapalilia mahindi yote hadi kwenye mwembe, palizi safi kabisa, halafu akamwomba Mwalimu hilo nalo liingie kitabuni.

Ushahidi wake ni juu ya siku ile ya Kewanja, na hapo ndipo kitabu kilipokwama.

Ulikuwa mchana wa jua kali kwenye uwanja wa mpira. Watu wa mgodini walikuwa wametoka zamu na vumbi lao, wa vijijini wamevaa njuga miguuni. Tulikuwa tunapiga "Mvua ya Ringwani", na ulipofika katikati ukaanza kutaja. Ukataja kila mtu. Ukamtaja mpiga besi wetu, akaja mbele akacheza. Ukamtaja muuza miwa. Ukamtaja mwenye jenereta, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ametutukana. Mimi nimekaa nyuma yako hatua tatu, jasho linaniingia machoni, nawabeba nyote kwa miguu na mikono, na nikajikuta nahesabu ni miaka mingapi nimekaa hapo nikisubiri unigeukie. Hukuwahi kunitaja hata mara moja. Siku ile nilisema moyoni, akimaliza huyu wa jenereta nami bado, basi.

Ukamaliza wa jenereta, ukageuka upande wangu, ukaniangalia. Ukafungua mdomo. Halafu ukaufunga, ukarudi kwa watu.

Nikaweka vijiti chini.

Ndicho kile kimya wanachokisimulia. Iritungu lako likabaki peke yake linanguruma kwenye spika mbovu, na watu, kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakaanza kukanyaga chini, njuga na mabuti ya mgodini pamoja, na wewe ukaimba ubeti wa mwisho ukiwa umenipa mgongo. Masanja alirekodi. Rekodi hiyo imefika mahali ambapo mimi na wewe hatukuwahi kufika. Kuna wanaosema dramu zilinyamaza kwa heshima ya mababu. Wengine wanasema tuliipanga miezi sita. Masanja mwenyewe ananiambia, uso kwa uso, kwamba yeye aliniona nikilia. "Mzee, mimi nilikuwepo bhana," anasema. Nikamwambia na mimi nilikuwepo. Akasema ndiyo, lakini wewe ulikuwa umeinama.

Nilikuwa nimekasirika, mdogo wangu. Hakuna babu wala nini. Tulirudi nyumbani, huku Mugumu, kwenye gari moja bila kusemezana, na hatukusemezana tena mpaka ule ugonjwa wa kifua ulipokulaza. Nilipokuja hospitali ulifumbua macho ukasema, "Mkubwa, umekuja." Nikasema, "Nimekuja." Nilidhani tutaongea kesho yake. Hiyo kesho hukuifikia, na mimi nimebaki na maneno yangu mdomoni mwaka wa tatu huu, yamekuwa machungu.

Sasa Jumamosi iliyopita Mwalimu Kapinga aliacha kuchapa akageuza kiti. Akasema, "Mzee, shikamoo tena, maana nataka kusema jambo ambalo si la adabu." Nikamwambia aseme. Akasema, "Tuna kurasa mia na kumi. Jina la marehemu halimo hata mara moja. Umemwita marehemu, umemwita yule bwana, umemwita Spika. Jina alilopewa na wazazi, hapana." Nikabisha. Akafungua kompyuta, akalitafuta mbele yangu, halikuwemo. Akasema mficha uchi hazai, na kwamba kwa mwendo huu kitabu hakitazaliwa.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia wewe hukunitaja miaka yote ile mbele ya watu, kwa hiyo nami sikutaji. Nikijisikia ninavyosema nikaona aibu, mtu wa umri wangu, lakini nilishasema.

Aliyejibu alikuwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, sisi tukidhani hasikii. Siku hizi anasikia anachotaka.

"Angekutajaje?" akasema. "Wewe si mkubwa wake?"

Nikamuuliza hilo linahusiana na nini.

"Ukimtaja mtu kwenye ngoma, umemwamuru asimame. Tangu lini mdogo anamwamuru mkubwa wake asimame mbele za watu? Nilimfundisha mimi. Niliwafundisha wote, dada zako nao wanajua."

"Mimi hukunifundisha."

"Wewe ni kifungua mimba, mura. Ningekufundisha usimtaje nani?"

 Mama akianza huwa haishii nusu. Akasema ulikwenda kwake siku mbili kabla ya Kewanja ukaomba ruhusa. Ukamwambia umechoka kuwataja watu wote na kumruka mwenye mgongo uliopinda, na kwamba hata mara moja tu ingetosha. Akakukatalia. Ukaomba tena, akakukatalia tena.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia.

"Hukuniuliza," akasema, akaendelea na maharage.

Sasa niambie mimi nimkasirikie nani. Mama ana miaka themanini na magoti mabovu, siwezi. Wewe umelala chini ya ule udongo mwekundu, huwezi kujitetea. Ulifungua mdomo ukaniangalia, na mimi nikakusoma vibaya kwa sababu tu nilizaliwa wa kwanza na hakuna aliyewahi kunikataza jina la mtu. Na wewe nawe, mtu mwenye maneno yote yale jukwaani, ungeshindwa nini kuniambia ndani ya gari? Ungesema tu, Mkubwa, mama kanikatalia. Tungegombana na mama pamoja, kama tulivyogombana naye siku ya yule ndama aliyepotea wewe ukisikiliza redio ya jirani, nikapigwa mimi. Nimekukasirikia sana. Nimekukumbuka sana pia, na siku hizi siwezi kutenganisha.

Jana nilimwambia Mwalimu tuianze upya sura ile. Tutaandika kwamba dramu zilinyamaza kwa sababu mpiga dramu alinuna. Masanja akasema nitaharibu wimbo. Nikamwambia wimbo ni wa mdogo wangu, ila kununa ni kwangu, nitaandika ninavyotaka. Kufikia saa kumi uani palikuwa pamejaa. Wale wazee wa jogoo walikuwa wamerudi, nesi yupo, na simu ya mama wa Sirari imewekwa juu ya stuli asikie. Wanataka kusomewa walau kidogo. Sikuwaalika hata mmoja, na chai imewatosha kwa shida.

Nikamwambia Mwalimu asome ule mstari wa kwanza tu, kisha waondoke. Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia yeye. Haikuwa hasira peke yake iliyonizuia miaka hii. Mimi ndiye mwenye haki ya kukutaja, hakuna wa kunikatalia, na niliogopa kwamba nikikutaja hutasimama.

Mwalimu akasimama karibu na kamba ya nguo, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "Mdogo wangu aliitwa Marwa."

 Nilikuwa naangalia chini, kwa hiyo kwanza nilisikia sahani ya maharage ikiwekwa sakafuni, halafu fimbo yake ikigonga. Nilipogeuka mama alikuwa anainuka. Nesi akataka kumshika mkono, akasukumwa. Ilimchukua muda na tulimsubiri wote, hata simu ya Sirari haikutoa sauti. Akanyooka kadiri anavyoweza kunyooka.

"Yupo," akasema.

Nikasimama na mimi, kwa sababu mama akisimama mtu habaki amekaa. Wakasimama wote. Tukabaki tumesimama pale uani mchana kweupe, na jogoo wao chini ya meza, mpaka Masanja akakohoa akauliza kama na yeye jina lake lipo ukurasa huo huo au unaofuata.

Lipo, Marwa. Nimewaweka wote, muuza miwa na mwenye jenereta pia, walau nipate kulala. Mimi mwenyewe sijajiandika jina, Mwalimu amelalamika, nimemwambia aliache hivyo hivyo ulivyoliacha wewe.

Lala sasa. Wakikutaja huko na huko, na watakutaja sana hawa watu, usihangaike kuinuka. Tunasimama sisi.

Mkubwa wako