Mahari ya Vibanio vya Nguo

Mama Kendi, muthoni wangu,

Chumba chako kimepata mtu. Ni mwalimu kijana, hajaoa, na anapikia stovu ya mafuta ya taa mlangoni mpaka ukuta umeanza kuwa mweusi. Wiki iliyopita alianika suruali zake kwenye kamba yetu bila kuuliza ni kamba ya nani. Nilimwangalia tu. Zamani ningempa maneno mawili matatu, wewe ungeongezea la kwako, na maskini angetafuta ploti nyingine hapa Majengo kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii nilichukua karai langu nikaingia ndani.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilienda Mitunguu kumwona Kendi, na sina mtu mwingine wa kumsimulia akaelewa. Nimemsimulia Baba Mutuma, akasema pole. Kila mtu ananiambia pole. Tangu tukuzike nilikuwa sijatoa chozi, na wenzetu hapa wakaanza kusema mimi ni mwanamke wa nguvu. Nguvu gani? Unajua mguu ukiukalia muda mrefu unavyokufa ganzi, ukiuminya husikii? Basi ni hivyo, ila mwili mzima. Nilikuwa nakula, nashona sare za shule, naosha vyombo. Watu wakicheka na mimi nacheka, nikichelewa kidogo.

Wacha nianze na ule mchezo wetu, maana yote yametoka huko.

Watoto walikuwa wameketi kwenye ngazi ya mlango wako, hata Kendi alikuwa hajajua kutembea vizuri. Mutuma wangu alikuwa na ndizi ya kuchemsha. Akaikata katikati, akampa Kendi nusu. Kendi akaila, kisha akanyoosha mkono akala na ile nusu nyingine, na Mutuma, aliyekuwa mtoto wa kulia hata akitazamwa, akanyamaza akimwangalia. Ulikuwa unanisuka. Mikono yako ikasimama kichwani mwangu.

"Mama Mutuma, umeona hiyo maneno?"

"Nimeona. Msichana wako ni mlafi."

"Mlafi ni nini? Huyu amelishwa na bwana yake mbele ya watu. Hiyo imeisha. Leteni ng'ombe."

Tangu siku hiyo hukuniita tena Mama Mutuma. Uliniita muthoni, kama tunavyomwita mkwe kwa Kimeru, na mimi nikakuita vivyo hivyo, ukiwa bombani, ukiwa dirishani, ukiwa unanidai kiberiti. Wapangaji wapya walidhani kweli tuna undugu wa ndoa. Hatukuwahi kuwasahihisha.

Lakini wewe hukuwa mtu wa kucheza nusu. Ukasema kama ni wakwe basi tushike heshima ya wakwe: muthoni haingii jikoni kwa mwenzake, hakaribii kitanda, hukalishwa kiti kizuri na kuletewa chai ya maziwa mengi. Sasa chumba chenyewe ni kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia, jiko la makaa liko mlangoni, na kiti kizuri ni ndoo iliyofunikwa. Nikija kwako nikae wapi? Ukachukua chaki ya watoto, ukapiga magoti, ukachora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi ukutani. Ukasimama, mikono kiunoni.

"Muthoni, hapa ni sebuleni. Usipite."

Na ukanipikia chai hatua mbili tu kutoka niliposimama, ukijifanya huonekani, mpaka nikasema kwa sauti, "Eh, hawa watu wa huku jikoni kwao ni mbali kweli." Ulicheka hadi maziwa yakamwagika. Kila ulipodeki, mstari ulifutika, na kila ulipomaliza kudeki uliuchora tena.

Halafu zile Jumamosi za mahari. Tunafua, watoto wako kwenye karai, na wewe umevaa lile koti zito la Baba Kendi alilokuachia alipoenda Isiolo kwenye kazi ya barabara. Ng'ombe walikuwa vibanio vya nguo. Nilikupangia ngazini, ukawakagua mmoja mmoja, umekunja uso kama mzee aliyekaa vikao vingi.

"Sisi hatuuzi mtoto," ulisema kwa ile sauti nzito. "Lakini hii ng'ombe yenu mbona inachechemea?"

Kilikuwa kibanio kilichovunjika waya.

"Haichechemei, baba. Ni uchovu. Imetoka Maua kwa miguu."

"Rudisha. Na asali iko wapi? Mama ya mtoto atafungwa mdomo na nini?"

"Kuna asali ya kutosha mdomo huo kweli?"

Hapo koti likasahaulika ukanirushia povu la sabuni. Nilikuwa na furaha siku hizo, Mama Kendi. Sikuwa najua ni furaha, nilidhani ni Jumamosi.

Aliyetuharibia mchezo, au aliyeutengeneza, sijui niseme vipi, ni Baba Mutuma. Unajua kazi yake ni kufunga miraa kule Maua, nyumbani anakuja siku moja moja. Siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni akitusikiliza tukibishana. Nikakuambia tutakuletea ncoolo wiki ijayo, lile fungu la miraa ambalo watu wa kijana hupeleka kwa wakina msichana kuuliza kama watakubaliwa. Akainua kichwa.

"Hiyo msicheze nayo. Ng'ombe chezeni, ncoolo hapana."

"Basi tufungie ya uongo, Baba Mutuma," ulimwambia. "Ya kitoto."

Aliporudi tena alikuwa nayo kwenye mfuko. Ilikuwa ndogo, inatosha kwenye kiganja, lakini ilikuwa ya miraa yenyewe, imefungwa kwa majani ya mgomba, imekazwa kwa kamba ya mgomba kwa mafundo yale yale ya wazee. Alisema alijaribu kufunga ya uongo, mikono ikakataa, haijui njia nyingine. Nilidhani utacheka. Uliipokea kwa mikono miwili, ukainama kidogo.

"Siifungui," ulisema baadaye. "Nikifungua nimekubali, na Baba Kendi hayuko. Wacha ikae kwanza."

Ukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ikakauka hapo hapo, majani yakageuka rangi ya kahawia, na sisi tukaendelea na vibanio vyetu.

Kisha ikaja ile homa ya kifua. Ulienda hospitali kwa miguu yako, umejifunga leso, umebeba mkoba kama mtu anayeenda sokoni. Ukanikabidhi Kendi mlangoni. "Muthoni, niangalizie bibi ya kijana wako. Jioni nimerudi." Nikakuambia uniletee ndizi. Hayo ndiyo tuliyoambiana ya mwisho, ndizi.

Ya mazishi sitakusimulia, siyakumbuki vizuri. Nakumbuka udongo mwekundu kwenye viatu vya Baba Kendi, na kwamba alikuwa anashikashika mifuko yake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alirudi Isiolo, maana barabara haingoji mtu, na mama yake akaja kutoka Mitunguu kumchukua Kendi na kufunga chumba.

Humjui vizuri mama mkwe wako, ulikuwa ukimwogopa. Nimejua sababu. Ni mama mdogo wa mwili, mgongo umenyooka, na anaongea kama ameshapima kila neno. Alinikuta nikimvalisha Kendi sweta.

"Na wewe ni nani wa huyu mtoto?"

Nilitafuta jibu. Niliyekuwa naitwa muthoni mchana kutwa, nilitafuta jibu.

"Mimi ni jirani."

"Asante, jirani."

Akaendelea kukunja nguo zako. Alipofunga mlango kuchukua koti, akaiona ncoolo kwenye msumari. Akaishusha, akaigeuza.

"Hii ililetwa na nani?"

"Ni sisi, mama. Wakina Mutuma. Lakini tulikuwa tunacheza tu."

"Watu hucheza na ncoolo?"

Aliifunga kwenye leso, akaitia kwenye kikapu juu ya nguo zako, akambeba Kendi mgongoni. Kendi hakulia. Alinitazama mpaka walipopinda kona ya msikiti. Jioni nilimpa Mutuma ndizi ya kuchemsha, akala nusu, nusu akaiacha kwenye sahani.

Basi nikawa hivyo nilivyokuambia. Nilitaka kwenda Mitunguu, lakini niende kama nani? Shangazi akienda hupokelewa. Mkwe akienda hupokelewa. Jirani, mkishahama, ameisha. Na nilijua yule mama alikasirika, kwamba tulichezea heshima ya watu, na kwamba nikitokea pale atanionyesha njia nikiwa bado kwenye lango. Kisha Kendi atanisahau, kwa maana ni mtoto, na wewe utakuwa umekufa kabisa. Hilo ndilo lililokuwa linanila, na hata hilo nililisikia kwa mbali.

Ni Baba Mutuma aliyenitoa ndani. Alikuwa anakula, hata hakunitazama.

"Ncoolo ikipelekwa, watu hurudi kusikia majibu. Wewe unangoja nini?"

"Ilikuwa mchezo, Baba Mutuma."

"Wewe ulikuwa unacheza. Mimi nilifunga ncoolo."

Juzi Jumapili nikamvalisha Mutuma shati la kanisani, nikanunua sukari na majani chai, tukashuka Mitunguu. Joto la huko ulinisimulia, nikadhani unatia chumvi. Maji yanapita kwenye mifereji kando ya njia, migomba imesimama kila upande, na mimi natembea nikirudia maneno ya kuomba msamaha.

Nyanya yake Kendi alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akafuta mikono, akatusalimia, akamtazama Mutuma kuanzia viatu hadi kichwani.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

Akatuingiza. Kendi alikuwa kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, amekua, amenyolewa nywele. Nikamwita. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja kupima shamba.

"Haongei," nyanya yake alisema. "Alipokuja aliongea kidogo, akanyamaza. Hata mimi haniambii kitu."

Nikageuka kumpa pole, nikaona ukutani, kwenye msumari, jani la mgomba lililokauka. Lilikuwa limefunguliwa. Kamba ilikuwa imeviringwa vizuri ikawekwa juu yake.

"Niliifungua," alisema. "Miraa ilikuwa imekauka, hata mbuzi hawezi kula. Lakini mtu aliifunga kwa heshima. Na mama wa huyu mtoto hakuitupa, aliiweka kwa ukuta wake. Mimi ni nani nikatae?"

"Mama, wao ni watoto."

"Najua ni watoto, si niko na macho? Wakikua wakatae wenyewe, hiyo ni maneno yao. Lakini nyinyi mlileta, sisi tumefungua. Shule ikifungwa unakuja. Keti kwa hicho kiti. Na huku jikoni usikanyage, wewe ni muthoni."

Hakutabasamu hata kidogo. Mpaka sasa sijui kama alikuwa anacheza. Ninachojua ni kwamba tangu siku uliyoondoka na mkoba wako hakuna mtu aliyekuwa ameniita jina hilo. Nilisema asante. Nilitaka kusikia kitu moyoni na sikusikia, nikaketi na mfuko wa sukari magotini kama mtu anayengoja kuitwa.

Nyanya akaenda kuweka chai. Mutuma alikuwa ameshavuka zamani, yuko pale kona anamwonyesha Kendi kifungo cha shati. Kisha Kendi akaingia jikoni, akatoka na kipande cha mkaa. Akaja hadi mbele yangu bila kuniangalia, akapiga magoti. Akachora. Alianzia mlangoni, akapita mbele ya viatu vyangu, mstari umepinda, mkaa ukamvunjikia akaokota kipande akaendelea, mpaka ukutani. Akasimama. Akaweka mikono kiunoni.

"Muthoni, hapa ni sebuleni. Usipite."

Ilikuwa sauti yako, Mama Kendi. Ndogo, lakini yako.

Nililia mpaka nyanya yake akatoka jikoni na sufuria mkononi akidhani nimeungua. Nililia yote, ya mazishi na ya ile kona ya msikiti na ya ndizi nilizokuagiza. Nilitamani sana kumshika mtoto wako. Lakini sikupita. Niliketi upande wangu wa mstari nikangoja chai ya maziwa mengi, na ilipokuja, ni Kendi aliyeniletea, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Leo asubuhi mwalimu ameanika tena, nimemwambia atoe suruali zake kwenye kamba yetu. Ametoa.

Pumzika, mama. Shule zikifungwa nashuka tena, na vibanio nitavibeba vyote, hata yule anayechechemea. Kendi atamkagua mwenyewe.

Ni mimi, muthoni wako,
Mama Mutuma