Kipande cha Mizani

Jumatatu, 3 Machi
Nyeri, mvua. Chai, kisha kufuta. Programu yetu ya kupimia mazao ni huria, bure kwa wote, tunaiandika kwa kujitolea, na mwezi huu zamu ya kusafisha ni yangu. Kipande cha programu kisicho na mtunzaji kinatangazwa; asipopinga mtu, kinaondolewa. Kinachofuata ni kipande kinachosoma mizani za zamani. Mugo wa Kangari alikiandika, akaacha. Tangazo liko kwenye tovuti yetu tangu Januari. Hakuna aliyepinga. Kinatoka Jumatatu ijayo. Kazi rahisi. Mbona situlii?

Alhamisi, 6 Machi
Nimeangalia tangazo. Kimya. Nimeangalia tena baada ya chakula. Kimya. Naudhika bure.

Jumamosi, 8 Machi
Kiganjo, kwa Shangazi Nyokabi, anayepokea maziwa ya ushirika. Akawasha kompyuta. Maandishi ya manjano: kipande cha mizani kitaondolewa, ukikitumia tuandikie. Tangazo letu! Shangazi akalifunga.
"Hiyo hutokea kila asubuhi. Tulisoma. Lakini kitu ya bure, utalalamika aje? Ni aibu."
Aibu! Nilitaka kucheka na kulia. Programu hujisasisha yenyewe. Jumanne mizani ingekataa kusoma, na wakulima wako kwa foleni na mitungi yao.
Nimewaandikia wenzangu: tusubiri. Wamejibu: nani atakitunza? Bila mtunzaji, kinatoka. Wako sawa. Nimewachukia hata hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Mugo. Siku hizi analima majani chai tu, hataki kusikia kompyuta. "Chukua wewe. Mimi nilichoka." Kwani mimi sijachoka?
Baada ya kanisa nimemkalisha Shangazi mbele ya tangazo. Ameandika mwenyewe: "Sisi Kiganjo tunatumia. Poleni kwa kuwasumbua."

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nzima sikukaa chini. Kisha, chini ya maneno ya Shangazi, wakaandika Wang'uru, watu wa mchele: "Hata sisi tunatumia. Hatukutaka kuwasumbua." Kisha Embu. Kisha Meru. Wote wanaomba msamaha. Jamani! Nimewaomba namba za simu. Nimeandika jina langu penye mtunzaji. Hakiondoki. Naogopa sana.

Jumatano, 19 Machi
Jua kidogo. Jana nilirekebisha kosa moja kwenye kipande, nikakituma kwa wote. Hakuna aliyeandika chochote. Nimepiga simu Kiganjo, mizani inasoma?
"Inasoma," akasema Shangazi. "Kwani nani amekuambia haisomi?"
Nimemwambia hakuna. Kisha nikapiga Wang'uru.