Maelezo ya Oshino Kuhusu Mtu Aliyepigwa Mbele ya Picha Yake

Kituo cha Sakai-cho, Edo
Jina: Oshino, mjane. Umri: miaka 41. Kazi: muuza picha za waigizaji. Makazi: Fukiya-cho.

Mnamo mwezi wa tano, mwaka wa kumi wa enzi ya Tenpo, Magobei mchapishaji alifika kibandani kwangu akihema. Habari zilikuwa zimetoka milimani, alikokwenda kujiuguza mwigizaji Kirishima Umejiro: "Umejiro hayupo tena." Magobei hakuuliza zaidi, aliogopa wachapishaji wenzake wasimtangulie. Baada ya siku mbili alileta picha za Umejiro ndani ya joho la buluu hafifu, lile la wafu. Ziligombaniwa. Wanawake walilia, nami nikalia nao huku nauza.

Jana adhuhuri alikuja mwanamume amekonda, anatembelea fimbo. Bila rangi za jukwaani hakuna aliyemtambua. Mimi nilimjua kwa sauti.

"Dada Oshino, mbona mmeniua?" alisema, akacheka.

Mwanamke mmoja akamgeukia. "Wewe ndiye Umejiro? Basi mimi mke wa shoguni!"

"Nilikuwa Umejiro. Jina nimemrithisha mwanafunzi wangu. Sasa Umejiro ni yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa Magobei alichokisikia vibaya. Lakini wanawake waliokuwa wakinunua walisikia matusi.

"Huna haya! Maiti hajapoa unalichezea jina lake!"

Walimvamia kwa viatu vya mbao. Akaanguka. Alinitazama. "Dada, waambie basi."

Magobei alikuwa nyuma yangu. "Ukifungua mdomo, tumeuza kifo cha uongo, pingu ni zetu sote."

Nikanyamaza. Namchukia Magobei, lakini mdomo wangu huu nauchukia zaidi.

Amefariki leo alfajiri nyumbani kwa tabibu. Wale wanawake wanaamini walimpiga tapeli. Wako kibandani kwangu sasa hivi, wanamfukizia Umejiro ubani. Sikuweza kukaa nao.

Asubuhi hii Magobei ameniletea ujumbe kwamba picha zilizobaki nisiziuze kwanza. Wanabadilisha tu tarehe ya kifo iliyochapwa juu yake, iwe ya leo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sipunguzi neno.

Alama ya kidole: Oshino

Ofisa: Nimemsomea, amekubali. Nilipomuuliza jina la marehemu alisema Umejiro. Jumba la michezo limethibitisha kuwa Umejiro yu hai. Pa jina nimepaacha wazi.
Samejima Kanroku