Kijiko Upande wa Kushoto

Jumanne, 2 Januari 2018

Baridi kali. Gari la Mjomba Zenon limegoma kuwaka kwa siku ya pili. Lina msimamo kuliko nusu ya darasa letu!

Maonyesho ya kozi yetu ya upigaji picha ni wiki ijayo, na nafasi yangu ukutani bado ni tupu. Nilijitakia. Novemba nilipanda juu ya meza ya studio, mbele ya Profesa Halvorsen, nikatangaza kwamba kupanga vitu ni uongo. Yeye hutufundisha kusogeza ndimu nusu inchi, kugeuza glasi, kudondoshea zabibu glisarini ionekane kama umande. Nikasema: wachoraji wa zamani walichora ndimu za mabwana, lakini kijiko cha mpishi alikichora nani? Mimi nitapiga picha meza za wafanyakazi jinsi wenyewe walivyoziacha, bila kugusa hata punje ya chumvi—ama sitapiga kabisa! Makofi. Wenzangu wakatia saini tamko hilo. Odette akachora bango.

Profesa aliuliza tu, kwa upole unaoudhi, "Na mwanga ukikataa, binti?"

Nikamjibu kwamba mwanga hauna tabaka. Makofi tena.

Tangu siku hiyo mwanga umekataa kila mahali. Kantini ya reli, chumba cha mapumziko cha wauguzi, jiko la kanisa. Picha zote zimekufa.

Jumatano, 3 Januari

Odette amepiga simu. "Komredi wa vijiko, picha iko wapi? Halvorsen anatabasamu kila akipita kwenye ukuta wako." Nimemwambia iko njiani. Iko njiani kutoka wapi? Sijui.

Nimeketi jikoni kwa Bibi—naishi kwake tangu nianze chuo—nikatazama dirisha lake. Vitunguu saumu kwenye uzi, mtungi wa matango ya siki, barafu imechora majani kwenye kioo. Yote niyajuayo kuhusu mwanga nimeyajulia hapa, si darasani. Ndipo nikakumbuka: Jumamosi ni mkesha wetu wa Krismasi, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu! Baada ya kula, meza haisafishwi. Chakula huachwa, vijiko huachwa ndani ya sahani, ili marehemu wa nyumba waje wale. Meza ambayo sheria yake yenyewe ni kutoguswa! Hakuna mtu duniani anayeweza kunipa meza ya kweli kuliko hiyo.

Alhamisi, 4 Januari

Bibi amekataa.

"Chuo kikuu kimekufundisha kupiga picha sahani chafu?"

Nimetoa hotuba. Nimemwambia alishona makoti ya watu wengine maisha yake yote, kwamba Babu Dmetro alibeba reli begani, kwamba historia haikuwahi kuitazama meza yao. Alinisikiliza huku akikanda unga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Nipe chumvi."

Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akasema sawa. Nipige picha asubuhi, kabla hajaamka. Lakini nikigusa kitu kabla yeye hajaondoa kijiko cha kwanza, marehemu watajua kwamba wamefukuzwa. "Umenielewa, Orysia? Hata kwa kidole."

Nikacheka. Nikamwambia nimekula kiapo hichohicho mbele ya darasa zima!

Jumamosi, 6 Januari

Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza. Kwenye bakuli kubwa kuna kutia, chakula chetu cha mkesha, ngano yake inang'aa kwa asali na mbegu za mpopi. Bibi amemtengea Babu mahali pake, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Sahani, mkate, kijiko kulia. Mjomba Zenon anamtania: "Mama, mzee hajarudi miaka ishirini, na bado unampa kipande kikubwa kuliko changu." Bibi amemjibu kwamba Babu angalau hakuwahi kulalamika.

Kamera yangu kubwa ya kizamani nimeshaisimamisha. Zimebaki filamu mbili, kila moja picha moja tu.

Jumapili, 7 Januari

Niandike haraka.

Jua lilipochomoza nilikuwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Meza ilikuwa juu chini kwenye kioo, kama kamera hizi zionyeshavyo, na ilikuwa nzuri kupita yote niliyowahi kuyaona. Makombo. Doa la bitiruti. Mvuke wa usiku umeganda kwenye glasi. Isipokuwa kijiko cha Babu! Kilibeba dirisha zima tumboni mwake—doa jeupe, kali, linalokula sahani na mkate. Nilipiga filamu ya kwanza nikijua imeharibika.

Nilisubiri jua lipande. Likapanda, doa likakua. Juu nikasikia kitanda cha Bibi kikilia.

Nikakisogeza. Kutoka kulia kwenda kushoto kwa sahani. Ndiyo—mimi! Nikapiga filamu ya pili. Nilikuwa nanyosha mkono kukirudisha Bibi alipoingia.

Nilijua atafoka. Hakufoka. Alisimama akakitazama kijiko, kisha akajishika kifua.

"Amekuja," akasema.

Mimi nilikuwa mtoto mchanga Babu alipofariki. Ningejuaje kwamba alikuwa wa mkono wa kushoto? Ningejuaje kwamba maisha yao yote Bibi alimwekea kijiko kulia kwa ukaidi, naye, bila kusema neno, akakihamishia kushoto kila siku? Mjomba Zenon ndiye aliyenieleza, mezani, na lile jitu lote lilikuwa linalia kama mtoto.

Nilifungua mdomo. Bibi alikuwa anacheka—kicheko cha msichana, sijawahi kukisikia. Nikaufunga.

Kanisani amemwambia padri. Amewaambia wanakwaya.

Jumatatu, 8 Januari

Bibi amehamishia mto wake upande wa ukutani. Amemwachia Babu nafasi.

Mimi niliyesimama juu ya meza nikadai ukweli! Ukweli uko wapi sasa? Nikisema, namuua Babu mara ya pili, na kwa mkono wangu. Nisiposema, nitatundika ukutani kwa jina la "meza isiyoguswa" uongo ambao hata Halvorsen na glisarini yake hajathubutu.

Nimejifungia chumba cha kufulia, ghorofa ya chini, nikaosha filamu. Ya kwanza: mbovu, kama nilivyojua. Ya pili! Haijawahi kutoka mkononi mwangu picha kama ile. Nimezining'iniza zote kwenye kamba ya nguo.

Mjomba Zenon aligonga, anataka mtungi wa matango. Nilifungua bila kufikiri. Akasimama mbele ya kamba. Akasogea. Kidole chake kinene kwenye kijiko cha kwanza, kisha cha pili. Nikasema, "Mjomba, ngoja nikueleze—"

Hakungoja. Akapiga kelele kwenye ngazi: "Mama! Kamera imemnasa! Hapa hajafika, hapa ameshafika!"

Amepanda mbio kumleta. Nimefunga mlango tena. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Magoti ya Bibi hayapendi ngazi hizi. Ngazi moja, anapumzika. Nyingine. Sasa yuko nje ya mlango. Hagongi. Anaongea taratibu, kama mtu anayeomba siri.

"Orysia. Kumbe ulikuwemo chumbani alipokuja. Kumbe umemwona."

Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

"Tulimzika bila koti, mwanangu, na ilikuwa Januari. Niambie tu hilo. Alikuwa amevaa koti?"

Nikimaliza mstari huu nitafungua mlango. Namsikia anavyopumua.