Kadi Chini ya Sarafu

Plovdiv, siku ya arobaini ya baba

Kaka yangu Yasen,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Natumaini huko Varna wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku wazima, uzima wa kujikongoja.

Leo tumemsomea baba arobaini. Ngano ilichemshwa, mvinyo ukamwagwa kaburini, na shangazi Genoveva akauliza mbele za watu ni mtoto gani wa kiume asiyemzika baba yake. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea.

Unaikumbuka ile sarafu ya shaba ya enzi za Warumi, iliyotengenezwa humu humu mjini kwetu, yenye mungu wa mto kajilaza? Miezi tisa baba aliiloweka kwenye maji safi, akiichokoa udongo kwa mwiba wa waridi. Wewe ukamtania kwamba angemtunza mama hivyo, mama asingemkimbia.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, mtu wa makumbusho amealikwa kuja kuiona. Asubuhi baba akaikuta nyekundu kama fizi. Ile ngozi yake ya kijani, kutu ya kale inayoipa thamani, imekwisha, mto umefutika. Akakugeukia wewe mwenye mdomo, akasema ukatafute baba mwingine wa kumchezea. Uliapa hukuigusa. Ukaondoka hata koti hukuchukua.

Kaka, ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikataka ing'ae mbele ya mgeni, nikaisugua kwa siki na chumvi kama tunavyosugua sufuria za shaba za kupikia jamu. Nikaogopa, nikakuacha uubebe mzigo. Miaka ishirini na miwili!

Ngoja, bado. Unajua kila sarafu baba aliiandikia kadi: ilikopatikana, uzito wake, nani kaisafisha. Jana nimefungua kabati. Chini ya ile, kwa mkono wake, tarehe ya wiki ile ile uliyoondoka, ameandika kwamba imeharibiwa kwa siki na chumvi, na aliyeisafisha ni Zlatina. Alijua! Akala supu yangu miaka yote hiyo, akinisifu kwa wageni kwamba mimi ndiye mtoto pekee asiyegusa vitu vyake. Siku thelathini na tisa nilimlilia. Leo kaburini chozi halikutoka.

Kadi yenyewe nimeitia humu. Nakala nimempelekea shangazi, akae nayo. Siombi uje, wala sisemi unisamehe. Wasomee tu wanao, wajue baba yao hakuigusa.

Msalimu wifi, na ujifunike kifua, baridi imeanza.

Mdogo wako,
Zlatina